Chumba Kisichotikiswa

Kila Oktoba Glafira Yegorovna hupanga mitungi ya kioo
chini kabisa ya jengo, chini hata ya injini ya lifti,
mbali na reli ya tramu,
na mlangoni hubandika karatasi: VUA VIATU.
Juu yake Novosibirsk nzima inakanyaga theluji.
Humu ndani kinachoanguka ni silika tu,
tufe baada ya tufe.
Chukua unywele, ugawe upana wake mara mia tatu:
hilo ndilo tufe moja.

Yanatua. Hayasukumwi.
Desemba maji ni maziwa,
Februari ni maji ya mchele,
Machi yanaanza kukumbuka kwamba ni maji,
na chini umebaki weupe wa kina cha kidole.
"Ndiyo hiyo tu?" akauliza Rodion, mwanafunzi mpya.
"Ndiyo hiyo."

Mpangilio wenyewe aliujua kabla ya fizikia.
Sokoni, Bahrom wa Namangan hupanga komamanga,
kila moja likikalia kishimo cha matatu ya chini,
likigusana na sita ubavuni,
likibeba matatu mabegani:
majirani kumi na wawili,
na bado robo nzima ya nafasi ni hewa.
Bahrom hakufundishwa na mtu.
Komamanga hayakumwachia njia nyingine.

Nuru ikiingia humo haikuti ukuta.
Inakuta sakafu, na sakafu, na sakafu,
na kila sakafu inairudisha haba,
haba isiyojaza hata jicho la sisimizi.
Lakini pale hatua ya wimbi inapooana na hatua ya ngazi,
hizo haba zinarudi zimeshikana mikono,
na jicho linasema: kijani.
Rangi nyingine zinapita
kama wasafiri wenye hati zao mkononi.

Aprili akalikausha, akaliweka chini ya taa.
"Kijani," alisema Glafira.
"Bluu," alisema Rodion, aliyeinama upande wa pili wa meza.
"Kijana, nina miaka thelathini na moja katika kazi hii."
"Na mimi nina macho."
Akazunguka meza, akasimama aliposimama yeye,
akainama alivyoinama yeye,
akanyamaza.

Kisha akadondosha tone la spiriti.
Vishimo vikanywa, rangi ikazimika
kama taa iliyoishiwa mafuta.
Spiriti ikapaa, rangi ikarudi,
haikusema ilikokuwa.

Ghorofa ya tatu wanataka zaidi.
Wanataka kumimina silikoni katikati ya matufe,
kisha tindikali iyale matufe yenyewe,
kibaki kilichokuwa hewa, kiwe jengo,
na kilichokuwa jengo kiwe mapango.
Humo, wanasema, kuna rangi moja ya nuru
isiyoonekana kwa macho, isiyopewa njia:
si juu, si chini, si kimshazari.
Chembe iliyosisimka ikitaka kuitema rangi hiyo,
haina pa kuitemea.
Itakaa nayo mdomoni.
"Namjua mtu wa namna hiyo," alisema Glafira,
akaendelea kuosha mitungi.

Siku ya Ijumaa Rodion akabaki peke yake.
Alitaka kujua rangi imefichwa wapi.
Akavunja kipande, akakitia kinuni, akatwanga
akitafuta wino, akitafuta kutu, akitafuta chochote cha kijani.
Akapata unga.
Mweupe, kama wa ngano.
Glafira alimkuta ameshika mchi,
uso wake umefanana na unga.
"Nimeiua," alisema.

Akauchota unga kwa kipande cha karatasi,
hakuacha hata wa ukingoni,
akaumimina mtungini, akatia maji, akakoroga
mpaka yakawa maziwa.
"Umewatawanya majirani tu," alisema.
Kisha akaitazama miguu yake,
akamwonyesha mlango.